Nafasi ya 129: Mcheza Tenisi Asiyejulikana na Frateri Aliyerudi Nyumbani

Ukimwomba kijana anayefuatilia michezo akutajie wacheza tenisi, atakutajia Roger Federer, Rafael Nadal, Novak Djokovic au Serena Williams. Conor Niland hatamtaja. Hata wale wanaotazama mashindano ya Wimbledon kila mwaka kwenye televisheni, wengi wao hawajawahi kulisikia jina hilo. Niland ni mtu wa Ireland aliyecheza tenisi ya kulipwa kwa takriban miaka saba, akafika nafasi ya 129 kati ya wanaume duniani, kisha mwaka 2012 akaweka raketi chini kwa sababu ya maumivu ya nyonga. Hakutwaa kombe lolote kubwa, na picha yake haikubandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana.

Tunaandika habari zake katika gazeti la seminari kwa sababu zinagusa jambo linalotuhusu sisi tulio hapa ndani na ninyi mlio parokiani: namna tunavyomtazama kijana aliyeanza safari ya upadre asifike kwenye daraja. Maoni yetu tunayatoa mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Kijana aliyeitikia wito kwa moyo mnyofu, akalelewa, akapimwa na kujipima, kisha akatoka, hajashindwa. Jumuiya inayompokea kama aliyeshindwa inamwumiza yeye, na zaidi ya hapo inawaharibia malezi wale waliobaki.

Safari ya Niland

Niland alizaliwa mwaka 1981 Birmingham, Uingereza, akakulia Limerick, upande wa magharibi wa Ireland. Alishika raketi tangu utotoni. Akiwa bado kijana mdogo aliwahi kumshinda mtoto mmoja wa Uswisi wa rika lake, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Roger Federer. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani, huku akiichezea timu ya chuo, kisha akaingia katika tenisi ya kulipwa.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, tueleze kidogo jinsi ulivyopangwa. Juu kabisa yako mashindano makubwa manne, yaani yale ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, pamoja na mashindano mengine ya mabingwa. Chini yake yapo yanayoitwa Challenger. Chini kabisa, wakati wa Niland, yalikuwapo yaliyoitwa Futures. Huko chini zawadi ya shindano zima mara nyingi ilikuwa dola 10,000 au 15,000, nayo iligawanywa kwa wachezaji wote. Katika shindano la dola 10,000, bingwa aliondoka na dola 1,300 hivi, na aliyetolewa raundi ya kwanza alipata zaidi kidogo ya dola 100. Nauli ya ndege, chumba cha kulala na chakula vilikuwa juu yake mwenyewe.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilifanya utafiti juu ya wachezaji wa mwaka 2013. Wanaume karibu 8,900 walicheza mashindano ya kulipwa mwaka huo, na karibu 3,900 kati yao hawakupata hata senti moja ya zawadi. Utafiti huo ulionyesha kwamba mwanaume alihitaji kufika nafasi ya 336 hivi duniani ndipo zawadi zake zilingane na gharama zake, tena bila kuhesabu malipo ya kocha. Maana yake ni kwamba maelfu ya vijana wenye kipaji, waliotoa utoto wao wote kwa mchezo huu, wanasafiri nchi hadi nchi kwa fedha ya wazazi au ya kukopa, wakicheza viwanja ambavyo watazamaji wake wanahesabika kwa vidole.

Niland alipanda ngazi hizo moja baada ya nyingine, hadi mwaka 2011 akaugusa mlango wenyewe. Shindano kubwa hupokea wanaume 128. Kati yao 104 huingia kwa nafasi yao katika orodha ya dunia, wanane hualikwa, na 16 hupatikana kwa mchujo, ambapo kila mmoja hana budi kushinda mechi tatu mfululizo. Niland alipita kwenye mchujo wa Wimbledon, akawa mwanaume wa kwanza wa Ireland kucheza mashindano yenyewe kwa zaidi ya miaka 30. Raundi ya kwanza alikutana na Adrian Mannarino wa Ufaransa. Mechi ilikwenda hadi seti ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Kushinda seti kunahitaji gemu sita, na Niland alikuwa akiongoza kwa gemu nne kwa moja. Zilibaki mbili tu. Mshindi alikuwa akisubiriwa na Federer, yule yule aliyekutana naye utotoni, ambaye sasa alikuwa ametwaa Wimbledon mara sita.

Mannarino akageuza mambo, akashinda.

Miezi michache baadaye Niland akapita tena kwenye mchujo, safari hii katika mashindano ya Marekani, mjini New York. Raundi ya kwanza akapangiwa Novak Djokovic, aliyekuwa namba moja duniani na ambaye ndiye aliyekuja kulitwaa kombe hilo mwaka huo. Lakini chakula alichokula kabla ya mechi kilimdhuru. Aliingia uwanjani akiwa mgonjwa, akapoteza seti ya kwanza sita kwa sifuri, na alipokuwa nyuma tano kwa moja katika seti ya pili akashindwa kuendelea. Mwaka uliofuata nyonga ikamtoa kabisa katika mchezo.

Je, huyu alishindwa?

Kwa hesabu ya makombe, jibu ni ndiyo. Kwa hesabu nyingine, tukichukua idadi ile ya wanaume karibu 8,900, mtu wa nafasi ya 129 amewapita wenzake 98 katika kila 100. Wangapi kati yetu wanaweza kusema hivyo juu ya kazi zao?

Lakini hata hesabu hiyo ya pili haifiki kwenye kiini. Mwaka 2024 Niland alitoa kitabu kuhusu maisha yake ya tenisi, The Racket, nacho kikapata tuzo ya William Hill, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya vitabu vya michezo nchini Uingereza. Kitabu hicho hakisimulii ubingwa. Kinasimulia upweke wa safari, hoteli za bei nafuu, na jinsi heshima ya mtu inavyopanda na kushuka kufuatana na namba yake katika orodha. Watu walikipokea kwa furaha kwa sababu kwa mara ya kwanza wengi walisikia habari za walio wengi, siyo za mabingwa wachache. Mtu huyo huyo aliwahi pia kuwa nahodha wa timu ya Ireland katika Kombe la Davis, akiwaongoza wadogo zake katika njia aliyoijua kwa miguu yake mwenyewe.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la Niland lilivunjika mwaka 2012, lakini ufundi alioupata kwa miaka ile yote haukuvunjika nalo.

Kutoka uwanjani hadi parokiani

Sasa tuje nyumbani. Wote tunajua jinsi kijana anavyosindikizwa kwenda seminari. Jumuiya ndogo ndogo zinachanga. Huyu analeta godoro, huyu mashuka, huyu ndoo na sanduku. Misa ya kumwaga inaombwa, na bibi anamwekea mkono kichwani. Tangu akiwa seminari ndogo, watoto wa jirani wanamwita padre. Akifika seminari kuu na kuvaa kanzu, anakaa viti vya mbele kwenye kila sherehe, na mama yake anaitwa Mama Frateri hata sokoni. Haya yote ni mema, kwa kuwa ni upendo wa waamini kwa upadre, na bila upendo huo seminari zetu zisingekuwapo.

Tatizo linakuja siku kijana anaporudi na sanduku lake. Hakuna Misa. Hakuna anayejua aseme nini. Jioni maneno yanaanza: amefukuzwa, amefeli, lazima kuna msichana, tulijua tangu mwanzo. Wazazi wanaacha kuhudhuria jumuiya kwa aibu. Kijana mwenyewe anahamia mjini ambako hakuna anayemjua, na wapo wanaokaa miaka bila kukanyaga kanisani. Si kwamba imani yao imekufa. Kila wakisimama mlangoni mwa kanisa wanaona macho yanayowauliza swali moja.

Mazoea haya yanapingana na malezi yenyewe jinsi Kanisa linavyoyaelewa. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa na Idara ya Wakleri huko Roma mwezi Desemba 2016 unaipanga safari katika hatua nne: hatua ya maandalizi, ile ya ufuasi inayoambatana na masomo ya falsafa, ile ya kufananishwa na Kristo inayoambatana na teolojia, na ile ya kichungaji. Katika kila hatua kijana na walezi wake wanaendelea kupambanua. Kupambanua maana yake ni kwamba jibu linaweza kuwa ndiyo na linaweza kuwa hapana. Kama hapana haiwezekani, basi hakuna kupambanua, kuna kusubiri miaka ipite tu.

Tena Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1026, inadai kwamba anayepewa daraja awe na uhuru unaostahili, na inakataza kabisa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote apokee daraja. Inakataza pia kumzuia anayefaa. Tunaposikia neno kulazimisha tunafikiria fimbo, lakini kuna kulazimisha kusiko na fimbo. Kijana anayejua kwamba akitoka mama yake hataweza kuinua uso kanisani, je, uhuru wake ni kamili? Anayejua kwamba kijiji kizima kilichanga mahindi na mbuzi kwa ajili yake, je, anaweza kumwambia mlezi wake kwa amani kwamba haoni tena njia hii kuwa yake? Hapa ndipo tunaposema kwamba aibu tunayomvika aliyetoka inamfikia pia aliyebaki. Anaiona, anaiogopa, na anaweza kuendelea hadi altareni kwa sababu ya kuiogopa. Padre aliyefika kwenye daraja kwa hofu ya aibu ni mzigo mzito kwake mwenyewe na kwa waamini atakaotumwa kwao.

Hadithi tunazopenda kusimulia

Sisi Wakatoliki tunapenda sana habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Kilatini kilimsumbua, masomo yakamwelemea, wakubwa wake wakawa na mashaka naye, lakini mwaka 1815 alipewa daraja ya upadre, na leo ndiye msimamizi wa maparoko. Ni hadithi nzuri na ya kweli, na imewatia moyo mafrateri wengi usiku wa kuamkia mitihani. Lakini tazama ni ya aina gani: ni ya aliyekaribia kukwama akapita. Ni sawa na kama Niland angeshinda zile gemu mbili zilizobaki.

Kuna hadithi nyingine ya Ufaransa hiyo hiyo ambayo tunaisimulia kwa nadra. Mwaka 1845 kijana mmoja aitwaye Louis Martin alipanda milima ya Alpi akaomba kupokelewa katika monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu. Alikataliwa kwa kuwa hakujua Kilatini. Alijaribu kujifunza, kisha akaacha, akarudi kwenye ufundi wake wa kutengeneza saa. Baadaye alimwoa Zélie Guérin, ambaye naye aliwahi kuomba kuwa mtawa akakataliwa. Watu wawili waliofungiwa mlango. Mwaka 1873 akazaliwa mtoto wao wa mwisho, Teresa, ambaye ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mwalimu wa Kanisa na msimamizi wa misioni. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu pamoja, mume na mke.

Hawakutangazwa watakatifu kwa sababu binti yao ni mtakatifu, wala kama zawadi ya kuwafariji kwa kukosa utawa. Walitangazwa kwa sababu ya maisha yao wenyewe katika ndoa, kazini, katika kuwazika watoto wao wanne waliokufa wadogo, na katika ugonjwa. Kile walichokitafuta monasterini, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wote, walikipata mahali pengine. Kama jumuiya yao ingempachika Louis jina la aliyekataliwa na kumwachia hapo, ingekuwa imekosea sana juu ya mtu aliyeishi katikati yake.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi yetu

Tunajua baadhi ya wasomaji watasema: mkilegeza hivi, vijana watatoka ovyo. Wataona kutoka ni jambo la kawaida, na uvumilivu utapotea. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Wito unahitaji kung'ang'ania. Kuna majira ya ukame katika sala, kuna mitihani, kuna ugomvi wa bwenini, na anayetoka kwa sababu ya wiki moja mbaya hajapambanua, amekimbia.

Hata hivyo, tumtazame tena Niland. Hakuacha tenisi alipopoteza mechi ya Wimbledon. Alirudi akapita mchujo wa New York mwaka huo huo. Hakuacha pia kwa sababu ya aibu ya kutoka uwanjani mgonjwa mbele ya namba moja wa dunia. Aliacha pale mwili wenyewe ulipomwambia kwamba njia imefika mwisho. Huyo hakukosa uvumilivu. Alivumilia mpaka akapata jibu, na jibu lilipokuja akalipokea. Ndicho tunachomwomba frateri: asikimbie kabla ya jibu, na asilikatae jibu likija. Hofu ya maneno ya watu haimjengei uvumilivu wa kweli. Inamfundisha kuficha tu, na anayejifunza kuwaficha walezi wake mambo ya moyo wake leo, kesho atawaficha askofu wake na waamini wake.

Hatusemi pia kwamba kila anayetoka ametoka kwa wema. Wapo wanaoondolewa kwa makosa mazito, na penye mtu aliyeumizwa, hasa mtoto, haki haina budi kutendeka, na maneno ya huruma yasitumike kufunika. Lakini hao wasiwe kipimo cha kuwahukumia wote. Kijana ambaye hatujui sababu zake anastahili kudhaniwa mema, kama kila mkristo mwingine.

Kuna mahali pia ambapo mfano wa tenisi unakoma. Katika tenisi, bila aliyeshindwa hakuna mshindi. Orodha ya dunia ina namba moja mmoja tu, na anayepanda anamshusha mwingine. Katika Kanisa hakuna orodha hiyo. Mtume Paulo alipenda kuchukua mifano ya viwanjani, na aliwaandikia Wakorintho kuhusu wakimbiaji wengi na tuzo moja. Lakini katika barua ya pili kwa Timoteo, akijua kwamba kifo kiko karibu, hasemi kwamba alikuwa wa kwanza. Anasema kwamba mbio amezimaliza na imani ameilinda, kisha anaongeza kwamba taji si lake peke yake. Aliyebatizwa ana mwendo wa kuumaliza, awe padre, mtawa, baba wa familia au fundi saa. Upadre ni njia moja ya kuumaliza mwendo huo. Haukuwekwa kuwa kombe la washindi, wala ndoa haikuwekwa kuwa zawadi ya wale waliotolewa raundi ya kwanza. Anayedhani hivyo anaudharau upadre na ndoa kwa pamoja.

Tufanye nini

Maneno matupu hayamsaidii mtu aliyeketi chumbani kwao na sanduku lisilofunguliwa. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi wala kibali cha mbali.

Kwanza, paroko na mwenyekiti wa jumuiya wamtembelee kijana nyumbani kwao katika majuma ya kwanza baada ya kurudi. Wasiende kuuliza kilichotokea. Waende kumwambia kwamba bado ni mtoto wa parokia ile, na kuwaambia wazazi wake kwamba hawana deni. Michango iliyotolewa ilitolewa kwa Mungu, na Mungu hadaiwi risiti.

Pili, apewe kazi. Kijana aliyesoma falsafa au teolojia ana mafunzo ambayo parokia nyingi zinayahitaji mno. Anaweza kumsaidia katekista kuandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, kuwafundisha wasomaji wa neno, kuandamana na vijana wa VIWAWA, kuendesha semina za wachumba. Hilo halifanywi kumficha wala kumwonyesha. Linafanywa kwa sababu miaka ile ya malezi ni mali ya Kanisa, na mali haitupwi.

Tatu, asaidiwe kusimama. Wengi wanatoka wakiwa na miaka 25 au zaidi, wakati wenzao wa shule wana kazi na familia. Anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuombea chuo masomo mengine, mtu wa kumwandikia barua ya kumtambulisha, pengine mtaji mdogo wa kuanzia. Jumuiya iliyoweza kuchangia godoro la kwenda inaweza kuchangia kidogo cha kurudia.

Nne, na hili linatuhusu sisi mafrateri zaidi, tusikate urafiki. Jina lake lisifutike mezani siku kitanda chake kinapobaki wazi. Tumpigie simu, na tukienda likizo tumtembelee. Tusijadili sababu zake tusizozijua, na zile tunazozijua tusizijadili kabisa. Siku moja, Mungu akipenda, baadhi yetu watakuwa maparoko, na katika baraza la parokia watamkuta mtu wa namna hii, aliyelelewa bweni moja nasi. Heri atukute tulikuwa ndugu zake hata alipokuwa hana kanzu.

Kila mwaka, Jumapili ya nne ya Pasaka, Kanisa lote huombea miito. Tunaomba Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi, nasi tunafanya vema. Mwaka huu, katika sala ya waamini, parokia ziongeze nia moja: kuwaombea wale waliojaribu njia hii kwa moyo mnyofu na sasa wanatafuta nyingine, pamoja na wazazi wao. Isomwe kwa sauti, mbele ya watu wote, ili mama aliyekaa kiti cha nyuma asikie kwamba kanisani mwao mwanawe bado anaombewa.